Bata Mzinga Mzima kwa Sahani Moja

Vijana wangu wa jikoni, mmeniuliza mara nyingi habari za bata mzinga nami nimekuwa nikiwajibu juu juu, kwa sababu sikuwa na hamu. Leo ninayo. Au tuseme leo nina muda, maana mvua imeukamata mtaa wetu wa Chapwa tangu asubuhi na jirani yangu hajatoka nje. Nitawaeleza namna ya kumnunua, kumpika na kummaliza. Mtanivumilia nikichepuka kidogo, kwani mzee anayeishi peke yake akipata msikilizaji hamwachii kirahisi.

Nimepika Tunduma tangu nikiwa na nywele kichwani. Jiko lilikuwa lile lile miaka yote, la nyumba ya wageni iliyojaa madereva wa malori, wafanyabiashara na Wazambia waliovuka kuchukua bidhaa. Kila siku nilipika chapati, maharage, wali na kuku, na hakuna anayenikumbuka kwa hayo. Desemba tu ndiyo tulioka mabata mzinga kwa karamu za sikukuu, na ndege huyo wa mara moja kwa mwaka ndiye aliyenipa jina. Hata leo nikipita sokoni utasikia, "Mzee wa Mzinga huyo!" Sijui kama ni heshima au matani. Naitikia tu.

Tuanze na kununua. Usimnunue kwa macho. Dume la bata mzinga likikasirika linajivimbisha, linafungua mkia, nawe mnunuzi unaona nyama nyingi kumbe ni manyoya na hasira. Wauzaji wanalijua hilo, wanamchokoza kwanza ndipo wanakuita. Pitisha mkono chini ya manyoya ushike kidari. Ukikuta mfupa umechongoka, mrudishe chini. Kisha tazama miguu. Mchanga ana miguu laini, na mzee magamba yake yameinuka na kucha zimechakaa, kama zangu. Kwa nyumba ya watu wa kawaida chukua jike, nyama yake ni laini na linaenea kwenye sufuria.

Haya nayajua vizuri, na Desemba iliyopita niliyavunja yote.

Nilikwenda Igamba mwenyewe, kwa mama mmoja anayefuga. Wanangu watatu walikuwa wamekubali kuja kula Krismasi kwangu. Neema, mkubwa, ameolewa Ndola, Zambia. Amani yuko Dar es Salaam na Tumaini yuko Mbeya. Tangu mama yao afariki hawajawahi kukutana wote chini ya paa langu, na mimi, mpishi wa karamu za watu, sijawahi kula Krismasi na wanangu hata mara moja. Mnisikie vizuri hapo. Hata mara moja, tangu wa kwanza azaliwe. Sikukuu zote nilikuwa kazini, na nilipostaafu wao walikuwa wameshatawanyika. Kwa hiyo nilipofika kwa yule mama nikapita majike bila kuyatazama, nikasimama mbele ya dume ambalo nusura linitoe jicho.

"Baba, hilo ni kubwa," akaniambia. "Kwani mko wangapi?"

"Wengi," nikajibu.

Nililitamka neno hilo kwa raha kiasi kwamba nikalirudia bila kuulizwa. Tukamtia kwenye kiroba, kichwa nje, akapakiwa kwenye bodaboda mpaka Vwawa huku matope yakituruka mpaka mabegani. Pale tukapanda Noah ya Tunduma. Abiria wenzangu wakamlalamikia njia nzima, naye akawajibu njia nzima.

Sasa niwaambie habari za mwalimu wangu, kwa sababu bila yeye yote nitakayosema hapa ningekuwa siyajui. Nilimkuta jikoni mzee mmoja wa Rungwe, Mwakalobo, aliyejifunzia kazi misheni. Alikuwa mfupi, mkali, na hakupenda maswali. Siku nilipomwuliza bata mzinga anachukua saa ngapi kuiva akanitazama kwa huruma akasema, "Ukiwa na haraka, kaanga mayai."

Mwakalobo ndiye aliyenionyesha kano za miguu. Kuku humsumbui kwa hilo, lakini mguu wa bata mzinga una kano ngumu kama waya, na ukiziacha, mgeni wako atatafuna paja mpaka aombe msamaha. Unakata ngozi kuzunguka kiungo cha chini, unavunja mfupa bila kuzikata kano, kisha unavuta mpaka zitoke. Yeye alikuwa anatundika mguu kwenye msumari wa mlango wa stoo na kuning'inia nao mzima mzima. Kano zikitoka anaanguka chini, anainuka anajipangusa, anauendea mguu wa pili. Hatukuruhusiwa kucheka.

Maji ya kunyonyolea pia yana kanuni. Yasichemke. Ukimtia kwenye maji yanayotokota ngozi inapasuka na manyoya yanabaki. Tia kidole; ukiweza kuhesabu mbili ukashindwa kufika tatu, maji yako tayari. Na usiku mmoja kabla hajaokwa alale kwenye maji ya chumvi, ndimu na tangawizi, kwenye ndoo yenye kifuniko, mahali penye baridi. Sisi huku nyanda za juu baridi si tatizo.

Makosa yangu mwenyewe nitawatajia moja linaloweza kuchekwa. Mteja wetu mmoja wa ng'ambo ya mpaka, mtu mnene mwenye kicheko, alituletea bata mzinga wa dukani aliyeganda. Jiko zima tukamzunguka kumtazama. Mweupe, msafi, hana unyoya hata mmoja, hana kichwa, hana habari. Nikasema huyu ameshamalizwa kila kitu, kazi yangu ni moto tu. Barafu ilipoyeyuka nikampaka viungo nje, nikamwoka, nikampeleka mezani mwenyewe huku kofia imenyooka. Yule bwana akaingiza kijiko tumboni kutafuta mchuzi, akatoa mfuko wa plastiki ulioyeyuka, ndani yake shingo, maini na firigisi.

"Natotela," akasema taratibu, maana yake ahsante. "Lakini mfuko mimi sili, bwana mpishi."

Tangu siku hiyo ndege yeyote wa dukani namwingiza mkono pande zote mbili, mbele na nyuma. Fanyeni hivyo hata kama mnaona aibu.

Kosa la pili halichekwi. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa Mzee Salimu, Mwislamu wa Kondoa, mtu wa haki. Mwaka mmoja, wanangu wakiwa bado shule ya msingi, aliniita ofisini wiki moja kabla ya Krismasi. Akasema, "Mpishi, hii ni sikukuu yenu. Mwaka huu nenda kwako Ihanda. Mwakalobo atashika jiko."

Mwakalobo alikuwa amezeeka, macho yamepungua. Lakini angeweza, na mimi nilijua angeweza. Nikamwambia Mzee Salimu hapana, kuna oda nne, nani ataoka? Nilijifanya mtu wa wajibu. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwa mezani wakati mfuniko unafunuliwa na watu wanasema aah. Kule Ihanda mke wangu alikuwa amesikia kwa mtu kwamba nimepewa ruhusa. Watoto wakavaa nguo mpya wakaenda kukaa barabarani kungoja gari kutoka Tunduma. Walikaa mpaka mama yao akaenda kuwarudisha. Mke wangu alikuja kuniambia hilo baadaye kabisa, bila kugomba, na nilitamani agombe. Alifariki mwaka mmoja kabla sijaacha kazi.

Basi turudi kwa bata wangu. Nilimfunga nyuma ya nyumba, nikamlisha pumba na majani ya kabichi. Tarehe ishirini na tatu, asubuhi, simu ikaanza kulia, ujumbe wa kundi letu la familia la WhatsApp. Neema akaandika kwamba wakwe zake wamevamia bila taarifa, hawezi kuondoka. Baada ya chai Tumaini akaandika kwamba mke wake amekaribia kujifungua na daktari amemkataza safari. Nikajisemea, sawa, yupo Amani. Mchana Amani akaandika, "Baba samahani, kazini wamebana ruhusa."

Sentensi hiyo mimi ndiye mwenyewe. Niliitumia miaka yote. Nikaandika "Hamna shida" nikaweka kile kidole gumba.

Nilikuwa na hasira, vijana, na hasira za mtu aliye peke yake ni mbaya kwa sababu haziendi popote. Kesho yake asubuhi nikachukua kisu, nikaenda nyuma ya nyumba, nikamchinja yule bata mwenyewe.

Huenda msione kosa liko wapi. Kosa liko ukuta wa pili. Jirani yangu, Mzee Shabani, ni dereva mstaafu wa malori, mtu wa Singida, naye mke wake yuko kwa binti yao Morogoro analea mjukuu. Ni Mwislamu. Hapa kwetu mnyama wa sherehe anachinjwa na Mwislamu ili kila atakayepita aweze kula, na miaka yote ya kazi sikuwahi kusahau. Jikoni kwa Mzee Salimu hata kuku mmoja nilikuwa natafuta mchinjaji kwanza. Tangu nihamie Chapwa, jogoo wangu wote kawachinja Shabani, na tumewala pamoja. Siku hiyo nikawaza watoto tu, na watoto hawaji, nikasahau kwamba nina mtu.

Alikuja na kikombe cha kahawa, akanikuta nanyonyoa. Akatazama ndoo, akatazama kisu.

"Baba Neema. Nani kachinja?"

Nikaendelea kunyonyoa.

"Nakuuliza, jirani. Nani kachinja?"

"Mimi."

Akavuta kigoda akakaa. "Kwa hiyo umeninyima," akasema.

"Sikukusudia, Mzee Shabani. Kichwa kilikuwa hakipo."

"Nilikuwa pale pale ndani. Ungepiga kelele moja tu."

Nilijisikia vibaya kuliko nilivyojisikia kwa ajili ya watoto. Wao walikuwa mbali na walikuwa na sababu. Huyu nilimfungia mlango mwenyewe akiwa hatua kumi kutoka kwangu. Yeye akanisaidia kumalizia kunyonyoa, kisha akaenda kunawa.

Krismasi nikaoka. Sina oveni nyumbani, ninatumia njia tuliyoitumia kabla Mzee Salimu hajanunua oveni. Sufuria kubwa la karamu, mchanga mkavu chini, vigae vitatu juu ya mchanga, sinia juu ya vigae. Mkaa kidogo chini, mkaa mwingi juu ya mfuniko. Ndege alale kidari chini kwanza, ili mafuta ya mgongoni yateremke kwenye kidari, ambacho ndicho hukauka na kuwa kama pamba. Nusu ya safari unamgeuza. Msimjaze wali tumboni jamani. Wali unanyonya maji yote na katikati haupati moto. Tia vitunguu viwili, ndimu, majani ya kotimiri, basi. Kila baada ya muda umwagie mchuzi wake mwenyewe. Choma kiungo cha paja kwa kijiti: majimaji yakitoka meupe ameiva, yakiwa na wekundu funika. Akiiva mtoe, mfunike kwa kitambaa, mwache atulie kabla ya kumkata. Wengi mnakosea hapo, mnakata anafuka moshi na utamu wote unabaki kwenye ubao.

Alitoka mzuri. Nasema bila aibu, alitoka mzuri kuliko wote niliowahi kuoka, na hakukuwa na mtu wa kusema aah. Nilimweka mezani akajaza meza. Nikakaa mbele yake sijui nimkate kwa sahani ngapi.

Mlango ukagongwa. Mzee Shabani, kanzu safi, mkononi hotipoti.

"Nimekuja na wali na maharage yangu," akasema. "Wewe kula chako, mimi nile changu. Sisogei karibu na huyo mnyama wako, lakini siwezi kusikia vijiko vya mtu mmoja siku ya sikukuu."

Tukala hivyo. Akaniuliza kama ametoka laini, nikasema laini. Akaniuliza ngozi imekauka vizuri, nikamvunjia kipande asikie inavyolia. "Ee Mola," akasema, "umeniadhibu kweli kweli." Tulicheka, na alipoondoka nikafunga mlango nikalia kidogo. Mtanisamehe kwa hilo.

Sasa kummaliza, maana dume zima kwa mdomo mmoja ni kazi ya wiki. Siku ya pili toa nyama yote mifupani ikiwa bado haijawa baridi sana, ukiiacha inashikamana. Kidari kichambue nyuzi nyuzi, kaanga na kitunguu, karoti na pilipili manga, ndiyo nyama ya sambusa. Mafuta yaliyoganda kwenye sinia yasitupwe, yaweke kwenye kopo; mboga za majani zikikaangwa humo hazihitaji kitu kingine. Mapaja yanataka rosti ya nyanya, ule na ugali. Shingo, mabawa na mifupa unaviponda kidogo, unavichemsha kwa moto mdogo tangu asubuhi mpaka adhuhuri, chumvi mwishoni. Sambusa nyingi niliwapelekea majirani wa kanisani. Nilikuwa nabisha hodi, nakabidhi, naaga. Kila nyumba ilikuwa na kelele ndani.

Supu ya mwisho niliipasha tarehe thelathini na moja, mchana. Nilikuwa nimesimama jikoni na kijiko simu ikalia. Neema, kutoka Ndola, anapiga kwa picha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Baba nisaidie haraka, wakwe wanataka bata mzinga wa mwaka mpya na mimi sijui hata naanzia wapi. Wewe ulikuwa unafanyaje?"

Nikamweleza. Chumvi, ndimu, kidari chini. Nyuma yake nilikuwa naona watoto wanapita, wajukuu wangu, mmoja amevaa mwiko shingoni sijui kwa nini. Aliandika yote kwenye karatasi. Alipomaliza nikasema, bila kupanga, "Mimi pia nilioka. Kwa ajili yenu. Leo ndiyo namalizia supu."

Akaacha kuandika. "Ulinunua mzima?"

"Dume."

"Baba, kwa nini hukusema? Tulidhani ni kuku tu, tutakuja siku nyingine. Sisi tunajua wewe sikukuu haikuhusu."

"Nani aliwaambia sikukuu hainihusu?"

Neema si mkorofi, ana upole wa mama yake, na akasema kwa upole.

"Wewe, baba. Kila mwaka tulikuwa tunakuuliza utakuja, na wewe unasema sikukuu ni siku ya kazi kama siku nyingine. Mpaka mama akatukataza kuuliza."

Nilikuwa sijui kwamba walikatazwa. Nilidhani waliacha wenyewe kwa sababu wamekua.

Nikazima jiko. Nikamwambia, "Neema, naomba nije kwako Pasaka."

"Baba, kwani wewe wa kuomba?"

"Ndiyo. Naomba. Sitaki kupika, nataka kukaa mezani na wewe na watoto."

Akatazama pembeni, nadhani kulikuwa na mtu. Akasema Pasaka wakwe huwa wanajaa nyumba nzima, ngoja azungumze na mume wake halafu atanijulisha. Nikasema hamna shida. Kisha nikajikamata nikamwambia hapana, Neema, iko shida, nataka kuja. Akasema, "Nimesikia, baba." Akakata, maana bata wake alikuwa anamngoja.

Basi vijana, hiyo ndiyo habari ya bata mzinga. Mkipewa ruhusa ya sikukuu, pokeeni mwende, awe nani amebaki jikoni. Wateja wataridhika na mpishi mwingine. Mimi nimeshachukua hati ya kusafiria pale mpakani na nimemwomba Mzee Shabani anitazamie nyumba. Neema bado hajanijibu, na simu yangu siku hizi siizimi.